Jino la Pili

Sajini alirudi kota baada ya miezi minane ya kulinda amani ng'ambo, akamkuta bintiye ana pengo mbele.

"Nani kakung'oa?"

"Mama Pacha wa mlango wa pili. Wala sikulia!"

Jirani huyo, aliyekuwa amesimama kando, akamkabidhi Sajini kijino kilichoviringishwa kwenye pamba. "Nimekutunzia, dada."

Sajini alishukuru kwa mdomo tu, moyoni wivu ukimchoma. Jino la kwanza la mwanawe lilikuwa limeng'oka mikononi mwa mwingine.

"Na hili linacheza," mtoto alisema, akilisukuma kwa ulimi. "Mama Pacha atalitoa."

"Fungua mdomo."

"Bado halijalegea vya kutosha, dada," jirani alisema taratibu.

Sajini alilibana kwa vidole viwili. Lilikuwa gumu. Mtoto alimtazama Mama Pacha, si yeye.

Akavuta.