Mstari wa Nukta wa Tindiga

Kidole cha Agatha kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuhamisha ramani za ofisi ya ardhi pale kompyuta ilipomuonya kwamba mstari mmoja hauna msimbo, na hautahamia kwenye programu mpya.

Akaukuza mchoro. Ulikuwa mstari wa nukta, unaokatiza mashamba ya mpunga ya Tindiga hadi mtoni. Njia ya ng'ombe.

Aliipima na marehemu bosi wake, mwaka wake wa kwanza kazini. Mzee yule hakukubali kushika utepe wa chuma wa kupimia mwenyewe. Ncha moja alimpa mkulima, nyingine mfugaji, watu ambao asubuhi ile hata salamu walikuwa hawapeani. Utepe ukanasa kwenye tope, wakauvuta, wakaanguka chali wote wawili. Aliyeanza kucheka ni mfugaji. Jioni mzee akachora nukta zake bila kuandika chochote.

"Upana je?" Agatha alimuuliza.

"Wanaujua wenyewe."

Sasa mwenzake wa meza ya pili alikuwa anamhimiza. "Dada Agatha, bonyeza tu. Makao makuu wameshapiga simu mara mbili."

Agatha akauandikia mstari: njia ya mifugo. Kompyuta ikadai upana. Wale wawili walikwisha kuzikwa, na mzee pia.

Akaondoa mkono.

"Ule utepe wa zamani bado upo stoo?"

"Upo, una kutu. Wa nini, na GPS tunayo?"

"Mpigie mwenyekiti wa kijiji. Aniandalie watu wawili, mkulima na mfugaji. Wasiopatana."