Spika Inayomtazama Msemaji

“Mabibi na maba… na bwa… maba…” Ulimi wa Mwinjuma, uliozoea kukimbia, ulijikwaa mbele ya ukumbi mtupu wa Kizwite. Kila neno alilotoa lilimrudia kwa kuchelewa kidogo, likalikanyaga lile lililofuata.

“Leo ulimi umeusahau nyumbani, mshereheshaji?” Redempta, fundi mitambo, alicheka akiwa amepiga magoti kati ya waya zake.

Mtambo wa eko, ule wa kutoa mwangwi, ulikuwa mpya, umetoka Tunduma mpakani. Tangu biashara ya mpakani ifunguliwe, kila bidhaa ililetwa huku juu milimani Ufipa. Mwinjuma aliufuata waya kwa macho. Ulitoka kwenye miksa ya kuchanganyia sauti, ukaingia kwenye eko. Kisha, badala ya kurudi kwenye miksa wageni wote wafaidi, ulikwenda kwenye spika moja ndogo iliyomtazama msemaji.

“Fundi, umekosea. Mwangwi ausikie anayesema peke yake?”

“Ndivyo alivyotaka bibi harusi.”

Luciana mwenyewe akachungulia mlangoni, kichwa kimejaa rola za nywele. “Dada Rede, usisahau. Baba akishika kipaza sauti tu, uifungue eko. Na wewe kaka Mwinjuma, mdomo wako huo, ufunge.”

Mwinjuma alibaki ameduwaa. Binti amtege babake mzazi, siku ya kuagwa!

Alasiri ukumbi ukafurika watu na makoti yao, migebuka, samaki wa ziwani, ikinukia kutoka jikoni. Shangazi Scola akamvuta Mwinjuma kando.

“Mwanangu, miaka yote mimi ndiye ninayemsemea kaka yangu Wilibrodi. Leo kakataa. Anataka aseme mwenyewe. Haya, yetu macho.”

Mwinjuma akahisi jasho, na baridi yote ile. Mzee asiyezoea hadhara, halafu mtego kama ule! Angekuwa kichekesho hadi kule Malangali.

Mzee Wilibrodi, babake Luciana, akasimama, akashika kipaza sauti. Redempta akafungua eko.

“Wakwe zangu, karibuni sana. Najua upepo wetu umewachapa njiani, lakini migebuka itawaponya. Na asiyepona, basi alikuja na ugonjwa wake!”

Wakwe wakaangua kicheko. Ukoo wa bibi harusi haukucheka. Ulikuwa umekodoa macho, midomo wazi.

Mzee huyu kaumbwa kwa chuma, aliwaza Mwinjuma. Lakini atahimili hadi lini? Huruma ikamzidi. Redempta akiwa anapiga makofi, Mwinjuma alijipenyeza nyuma ya meza, akauchomoa waya wa ile spika ndogo.

“Nina binti mmoja tu,” mzee aliendelea, “naye ni Lu… Lu… Lu…”

Shingo ilimkakamaa, akafumba macho. Shangazi Scola akainuka taratibu, tayari kummalizia jina.

“Rudisha, kaka! Bila mwangwi huo kigugumizi chake kinamrudia!” Luciana alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake cha maua.

Mwinjuma akauchomeka waya upesi.

“Luciana,” alisema mzee, jina zima kwa mkupuo mmoja, na Shangazi Scola akakaa chini.