Vitufe vya Mwanahija

Siku hizo kila kompyuta mpakato iliuzwa ikiwa na lugha mbili kwenye vitufe vyake: lugha ya kwenu, na lugha ya mahali utakapokuwa ukiishi miaka mitano baadaye. Asiyekwenda popote alipata moja tu. Kiwanda kilipima kidole gumba chako, basi, na hakikuwa kimewahi kukosea.

Mwanahija alirarua boksi lake katikati ya sebule, mbele ya majirani waliojazana kama walioalikwa harusini. Kwenye kila kitufe, kando ya herufi aliyoizoea, kulikuwa na viduara na vijiti asivyovijua.

"Kikorea hicho!" shangazi yake Chiku alipaza sauti. "Mwanangu anakwenda Korea!"

Vigelegele vikarindima. Mwanahija akaruka, akabonyeza kila kitufe, hata vile vidogo vya pembeni, na kila herufi ngeni ilipochomoza kwenye kioo alipiga makofi.

"Hemedi, mume wangu, fungua na yako basi! Tujifunze pamoja."

Hemedi alikuwa ameshaifungua. Ilikuwa mapajani mwake, na viganja vyake vimetandazwa juu ya vitufe.

Mwanahija akaviinua viganja vile, bado anacheka. Chini yake kulikuwa na A, S, D, F, safi kabisa, na kando ya kila herufi palikuwa patupu.

"Hongera, mke wangu," alisema Hemedi. Na majirani, ambao hawakuwa wameona kitu, wakapiga vigelegele tena.