Bingwa kwenye Sakafu ya Mama

"Unioneshe," mama yake alisema. "Watu wa Ulaya walikuona miaka yote. Miye siyakuona hata siku moja."

Danielle aliitazama sakafu nyekundu ya nyumba yao ya Shituru, Kongo, ile aliyokuwa akiisugua utotoni, kabla shangazi yake hajamchukua kwenda Uskochi. Huko ndiko alikokuwa bingwa wa kalingi, mchezo wa kutelezesha jiwe zito juu ya barafu. Picha za vikombe alizituma nyumbani. Viza ya mama haikutoka kamwe.

Akamwaga maji ya sabuni. Akachukua pasi ya zamani ya makaa, akaushika mpini, akapiga goti.

Lile goti. Hakuwa amemwambia mama kwamba madaktari walishamkataza kucheza.

Akajisukuma. Mguu mmoja ukakunjika chini ya kifua, mwingine ukanyooka nyuma, na kwa pumzi moja akausikia tena ubaridi usoni, na kile kimya cha watu kabla ya kushangilia. Akafungua vidole. Pasi ikateleza polepole, ikajizungusha kidogo, ikatulia mlangoni.

Mama hakuitazama pasi. Alimtazama binti yake, aliyeshindwa kuinuka.

"Ilikwisha, mama," Danielle alisema. "Siwezi tena."

Mama akavua kandambili, akaketi kando yake majini, na kikwembe chake kizuri, kile kitenge cha kanisani.

"Njo hivi ulikuwa unafanya?"

"Ndiyo, njo vile."

"Ulikuwa muzuri, mwana." Akamfuta povu shavuni. "Sasa unielezee. Anzia ku siku ya kwanza."