Kahawa ya Mikono Miwili

Tangu alipoingia ofisini kwa mwenye kiwanda, Deokhui hakuutoa mkono wa kushoto mfukoni, na usaili ulikuwa ukienda vizuri. Viwanda vitatu vya keki za samaki pale bandari ya Busan, Korea, vilikwishamfungia mlango. Bandari nzima ilijua habari za mwanamke aliyekatwa kidole, akampeleka bosi wake mahakamani na kumshinda.

"Kazi unaijua, dada," alisema mwenye kiwanda, mama wa makamo mwenye aproni. Akakoroga kahawa kwenye kikombe cha karatasi, akamnyooshea.

Kikombe cha mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Ukipokea kwa mmoja, umemtukana.

Deokhui alikitazama kile kikombe kikifuka mvuke. Kisha akautoa mkono.

Kidole cha shahada kiliishia kwenye fundo la kwanza, kovu lake laini kama ngozi ya pweza.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, bosi."

"Yule bosi wako wa zamani katuambia wewe mkorofi, huna shukrani."

"Mashine yake haikuwa na kifuniko. Nikimwambia, ananijibu kifuniko kinachelewesha kazi."

Mama yule alikitazama kidole, akatazama pembeni. Halafu akainuka, akafungua dirisha la karakana na kupaza sauti kuzishinda mashine.

"Nyie! Kile kifuniko mlichokitoa kwenye mashine ya kusagia, kitafuteni mkirudishe! Kesho asubuhi nikikute mahali pake!"