Kitanda cha Matundu Mawili

"Sasa unaogopa nini?" Menka alimuuliza mkwe wake basi lilipokuwa likiingia Skopje. "Unalala kifudifudi, matiti unayaning'iniza kwenye matundu mawili, mashine inapiga kelele, basi. Ng'ombe wetu huvumilia makubwa zaidi ya hayo kila asubuhi."

Abiria wa kiti cha mbele alikohoa. Slavica akavuta skafu hadi puani.

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Kuna mtu humu ambaye hakunyonya?"

Juzi yake, wakiwa wanamenya pilipili hoho za kuchoma uani, Slavica alimweleza yote. Eksrei ilikuwa imeonyesha doa kwenye titi, altrasaundi haikuliona, na daktari hakutaka kubahatisha. Alitaka kipimo cha MRI, kifanyike mjini.

"Siwezi kwenda peke yangu, mama," alisema. "Na mwanao Goce nikienda naye atazimia mlangoni."

Menka aliweka kisu chini. Kisha akaanza kumcheka, na hakuwa ameacha tangu hapo.

Kwenye chumba cha kusubiri, Slavica hakuweza kutulia. Alikunja vidole, akavikunjua. Menka aliketi kando yake, nywele amezifunga kwa utepe bila pini hata moja, akawageukia wanawake wa benchi la pili.

"Mwoneni huyu kunguru! Kila Krismasi anachinja nguruwe, leo anaogopa kitanda."

Wanawake wakacheka. Hata Slavica akatabasamu kidogo.

"Ungekuwa wewe, mama, ungeingia?"

"Mimi? Ningeingia nikipiga mluzi."

"Kweli kabisa?"

"Hawa wote mashahidi."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akachungulia nje.

"Menka Ristevska!"

Slavica aliinamisha kichwa.

"Doa ni lako, mama. Daktari alimpigia Goce, akamwambia umeitwa huku na umekataa katakata. Tungekuambia ukweli, usingepanda basi." Akamshika mkono. "Nimekudanganya. Nisamehe."

Menka alimtazama, midomo ameikaza. Slavica alisubiri matusi. Badala yake mama mkwe wake alisimama, akamtupia mkoba wake mapajani, akaelekea mlangoni. Mluzi wenyewe ulitoka hafifu, wa kukatikakatika, lakini aliupiga mpaka mlango ulipofungwa.

Slavica alibaki amekumbatia ule mkoba. Mashine ilipoanza kugonga ng'ambo ya ukuta, akapiga ishara ya msalaba, na kila ilipobadilisha mlio akapiga nyingine.

Wiki iliyofuata waliketi wote wawili mbele ya daktari wao, kule kwao Prilep. Daktari, mama mnene mwenye miwani, aliwageuzia kompyuta.

"Hili hapa. Dawa uliyochomwa mshipani kule Skopje imelipita tu. Saratani huinywa. Hili ni kovu. Uliwahi kupata jipu ulipokuwa unanyonyesha?"

"La Goce," alisema Menka. "Mtoto huyo alianza kunisumbua akiwa hana hata jino."

Slavica alitaka kucheka, akajikuta analia. Akamkumbatia mama mkwe wake mpaka kiti kikalia.

"Niache nipumue, wewe! Nimeponea saratani, unataka kuniua kwa mikono?"

Daktari aliwasindikiza mpaka mlangoni. Slavica alipotangulia kwenye korido huku akimpigia mumewe simu, daktari alimshika Menka kiwiko.

"Lakini bibi," alinong'ona, "siku nyingine ukitaka mkwe wako akusindikize, mwombe mwenyewe. Mimi sina kipaji cha kumpigia mwanao simu na kumdanganya kwamba umekataa."