Dakika Tano za Stesheni

Treni ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi iliingia stesheni ikakuta jukwaa tupu. Makange, mkuu mpya wa stesheni, alishangaa. Abiria aliwaona ng'ambo ya uzio, kwenye kibanda cha Bi Sikudhani, wanapuliza chai bila haraka.

"Mbona hamji? Inaondoka."

"Bado, baba," Bi Sikudhani alimjibu, akimwonyesha saa kubwa ukutani. "Hiyo iko mbele dakika tano tangu enzi za wazazi wetu. Kila mtu hapa anazipunguza."

Makange aliitazama ile saa. Jana jioni, siku yake ya kwanza kazini, alipanda kwenye stuli akaisahihisha, tena akajisifu moyoni.

"Nimeirekebisha mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Vikombe viliwekwa chini vyote kwa pamoja. Wakakimbia mafundi, wauguzi, na mama mwenye mtoto mgongoni, ambaye daktari wa mjini alimpangia miadi ya leo baada ya kumsubirisha miezi minne. Dereva alipiga honi, akingoja bendera ya kijani. Makange aliibana kwapani. Honi ikalia tena, naye akaendelea kuibana mpaka yule mama, wa mwisho, akavutwa mkono na kuingizwa ndani. Ndipo akaipunga, akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

Treni ilipopotea konani, alipanda tena kwenye stuli na kuusukuma mshale mbele, dakika tano kamili. Bi Sikudhani alimletea chai. Makange akaitazama saa ya ukutani, akaitazama na yake ya mkononi, kisha taratibu akaanza kuvuta kitufe chake cha pembeni, aisogeze mbele nayo.